Kuchagua kituo cha snobodi Ulaya kwa kundi lenye wanaoanza na wazoefu: mwongozo kamili

Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, jua limeshajificha nyuma ya mlima, na shemeji yangu amekaa kwenye theluji katikati ya njia nyekundu, yaani ngumu, ubao umefungwa miguuni, mikono imemlegea kwa kujisukuma. Ilikuwa siku yake ya pili maishani juu ya snobodi, ubao mmoja unaofungwa miguu yote miwili kwa kuteleza kwenye theluji. "Shemeji," akaniambia, "mimi hapa siendi popote." Na kweli hakuwa na pa kwenda. Tulikuwa tumepanga nyumba chini bondeni, na njia pekee ya kuteleza hadi mlangoni ilikuwa hiyo nyekundu. Tulishuka tukiwa tumeshikana mikono, hatua kwa hatua, muda wa saa nzima. Siku iliyofuata hakutoka nje.

Kituo kile tulikichagua kwa sababu kilikuwa na mamia ya kilomita za njia. Sasa nimeshapanga safari kadhaa za namna hii kwa ndugu na marafiki tunaoishi Ujerumani, Uingereza na Uholanzi, wengine wakija kututembelea kutoka Mombasa na Dar. Ninachokiamini ni hiki: kituo cha kundi mchanganyiko huchaguliwa kwa kufuata siku ya yule anayeanza, tangu anapotoka kitandani hadi anaporudi nyumbani. Mzoefu atapata raha karibu mlima wowote. Anayeanza akikwama siku ya pili, safari ya watu wote imeharibika.

Hatua ya kwanza: jueni nani anaweza nini

"Naweza kidogo" haisemi kitu. Waulize watu swali lenye jibu: je, kwenye njia ya buluu, yaani rahisi, unaweza kugeuka kushoto na kulia, mara kumi mfululizo, bila kukaa chini? Anayejibu ndiyo tayari anateleza, na mlima mwingi uko wazi kwake. Anayejibu hapana ni mwanafunzi, hata kama alikwenda mara mbili zamani. Wengi walio katikati wanajua kushuka kwa kuegemea ukingo wa ubao wa upande wa kisigino tu, wakiyumba kushoto na kulia kama jani linaloanguka. Hao wahesabu pamoja na wanafunzi, bila kuwaonea haya.

Kisha waulize wazoefu wanataka nini hasa. Anayetaka miruko na mifereji ya theluji ya kurukia (halfpipe) anahitaji bustani ya theluji (snowpark) iliyotunzwa vizuri. Anayetaka theluji isiyokanyagwa, nje ya njia, anahitaji mlima mrefu na mwongozaji. Anayetaka mwendo kasi kwenye njia pana ataridhika karibu popote. Usisahau wasioteleza kabisa: mama mzazi, mjamzito, au mtu aliyekuja kwa ajili ya picha na chai. Hao wanahitaji gondola, vile vibanda vinavyoning'inia kwenye kebo, inayochukua waendao kwa miguu na mkahawa juu mlimani.

Rangi za njia zinachanganya wengi. Ufaransa kuna kijani, buluu, nyekundu na nyeusi, kutoka rahisi hadi ngumu. Austria, Uswisi na Italia kwa kawaida huanzia buluu, kwa hiyo buluu ya kule inaweza kuwa nyepesi kama kijani cha Ufaransa au ikakaribia nyekundu. Rangi hulinganisha njia za mlima mmoja, hazilinganishi nchi na nchi.

Hatua ya pili: wiki gani

Januari baada ya sikukuu ni tulivu, bei hushuka, lakini baridi inauma. Nyuzi 15 chini ya sifuri si ajabu asubuhi. Februari karibu yote shule za Ufaransa hupeana zamu za likizo, Uingereza nayo ina wiki yake, na foleni za lifti za kupandia mlimani hurefuka. Machi siku ni ndefu na jua lina joto, ila vituo vya chini theluji yake huwa uji ifikapo mchana. Kwa mtu anayejifunza, Machi ni mwezi mzuri kuliko yote, mradi kijiji kiwe juu, tuseme mita 1,800 hivi. Theluji laini inasamehe magoti na makalio.

Kwa Waislamu miongoni mwetu kuna hesabu nyingine. Kwa miaka hii Ramadhani inaangukia ndani ya msimu wa theluji. Mwaka 2027 inatarajiwa kuanza karibu tarehe 8 Februari. Kufunga na kujifunza ubao kutwa nzima ni mzigo mzito, kwa sababu anayeanza hutoka jasho kuliko mzoefu: anaanguka, anainuka, anaanguka tena. Januari, au baada ya Idi mwezi Machi, itakuwa nafuu kwa wote. Pasaka ya 2027 ni Machi 28, basi kati ya Idi na Pasaka kuna wiki mbili hivi za kuzifikiria.

Hatua ya tatu: soma ramani ya njia, usisome matangazo

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, na hapa ndipo watu wengi wanaruka. Kila kituo kina ramani ya njia zake kwenye tovuti. Ipakue, ikuze kwenye skrini kubwa, ukae nayo jioni nzima.

Anza kwa kutafuta eneo la wanaoanza. Liko kijijini, mbele ya nyumba? Liko juu, mwisho wa gondola? Au liko chini bondeni, mbali na milima wanayokwenda wengine? La kijijini linafaa sana, kwa sababu aliyechoka saa sita anarudi nyumbani kwa miguu, anapumzika, anatoka tena. La juu linafaa pia, mradi gondola inarudi chini na abiria. Hakikisha ni gondola au kebo kubwa, kwa sababu viti vingine vya kuning'inia havishushi watu. Angalia pia saa ya mwisho ya kushuka. Vituo vingi hufunga kati ya saa kumi na saa kumi na moja kasoro. La bondeni liache.

Kisha fuata kwa kidole mstari wa buluu kutoka kilele hadi kijijini. Ukikatika mahali, hata kwa kipande kifupi chekundu, anayeanza kugeuka atakwama hapohapo. Hili ndilo lililotukuta sisi na shemeji. Ramani ilikuwa imesema wazi kabisa, hatukuitazama.

Jambo la tatu ni lifti za kuvuta. Hizi haziketiwi. Unashika mti wenye umbo la T au kisahani kinachopita katikati ya mapaja, nao unakuburuta juu ya theluji. Mwenye skii, zile mbao mbili nyembamba, kila mguu na wake, anasimama akitazama mbele, raha mustarehe. Mwenye ubao anaburutwa ubavu, mguu wa nyuma umefunguliwa, T inamfinya paja la ndani, na theluji yenye makorongo inauyumbisha ubao. Wanaoanza huanguka hapo mara nyingi kuliko kwenye mteremko wenyewe, na wakianguka katikati hubidi wajikongoje pembeni upesi kabla anayefuata hajawafikia. Ufunguo wa ramani unaonyesha alama ya kila aina ya lifti. Eneo la wanaoanza likiwa na zulia linalotembea, gondola au viti, zuri. Likiwa na lifti za kuvuta tupu, tafuta kituo kingine.

La nne ni sehemu tambarare. Mwenye skii ana fimbo mbili za kujisukumia. Mwenye ubao hana kitu. Ubao ukisimama, lazima ufungue kiungio cha mguu wa nyuma na kujisukuma kama mtoto mwenye skuta, au ufungue vyote viwili na kutembea umeubeba. Mita 300 za namna hiyo zinatoa jasho. Kilomita moja inaondoa hamu. Kwenye ramani sehemu hizi ni zile njia nyembamba zinazokata mlima kwa ubavu badala ya kushuka, nyingi zikiwa za kijani au buluu, zikiunganisha bonde na bonde. Ukiona neno liaison au chemin Ufaransa, Ziehweg au Skiweg Austria, collegamento au raccordo Italia, tia alama. Ukizikuta tatu kati ya nyumba yenu na eneo la wanafunzi, fikiri upya.

Mwisho, tafuta mahali pa kukutana saa sita. Pawe mkahawa ambao mwanafunzi anafika, mzoefu anafika, na mama asiyeteleza anafika kwa gondola. Pasipokuwapo mahali hapo, mtakuwa makundi mawili yanayolala nyumba moja.

Vituo vitano vilivyopimwa kwa kipimo hicho

Avoriaz, Ufaransa, ndicho ninachokitaja kwanza kila ninapoulizwa na kundi lenye wanaoanza wengi. Kijiji kiko mita 1,800, hakina magari, barabara zake ni theluji yenyewe, na miteremko ya wanafunzi inaanzia mlangoni. Mtu anafunga ubao hatua chache kutoka jikoni. Ndipo shemeji yangu alipojifunza kweli, mwaka uliofuata: siku ya kwanza kisigino, siku ya pili vidole, siku ya tatu mchana akageuka mara nne mfululizo, akasimama chini ya mteremko akiwa ameinua mikono yote miwili, nasi tukimpigia vigelegele kutoka barazani. Wazoefu wana bustani kadhaa za theluji za viwango mbalimbali, pamoja na ile iitwayo The Stash, njia ya msituni yenye magogo ya kupanda na kurukia. Avoriaz imo ndani ya Portes du Soleil, vituo kumi na viwili vilivyoungana Ufaransa na Uswisi, takriban kilomita 600 za njia. Anayetaka kujipima atapata Pas de Chavanette, ule mteremko mpakani ambao wengi huuita Ukuta wa Uswisi. Akifika ukingoni moyo ukikataa, anaweza kushuka kwa kiti cha lifti. Kasoro zake: upande wa Uswisi lifti za kuvuta ni nyingi, na chakula cha mikahawani ni ghali. Mwanafunzi asinunuliwe pasi (tiketi ya lifti) ya eneo zima. Ya Avoriaz inamtosha wiki yote.

Les Arcs, pia Ufaransa, ni kwa wasiopenda kupanda ndege. Treni inafika Bourg-Saint-Maurice, na hapo stesheni kuna treni ya kebo inayopanda hadi Arc 1600 kwa dakika saba. Lifti ya Aiguille Rouge inafika mita 3,226, wazoefu hawatalalamika. Kebo ya Vanoise Express, iliyofunguliwa 2003, inaunganisha upande huu na La Plagne. Huko ng'ambo sehemu tambarare zipo, kwa hiyo kundi la ubao linaweza kununua pasi ya upande wa Les Arcs peke yake na kuokoa fedha.

Mayrhofen, bonde la Ziller nchini Austria, lina sifa kubwa, na sifa ni haki yake, lakini soma ramani. Kuna milima miwili isiyounganishwa kwa lifti. Ahorn ni uwanda mpana juu, mzuri mno kwa wanafunzi. Penken ndiko kuna bustani ya theluji maarufu na Harakiri, mteremko wenye mwinamo wa asilimia 78. Mwanafunzi akiwa Ahorn na mzoefu Penken, chakula cha mchana pamoja ni vigumu. Kundi lenye wanafunzi wawili tu kati ya kumi linaweza kulivumilia hilo; kundi la nusu kwa nusu litasikitika. Kijiji kiko chini, mita 630, hivyo mnapanda na kushuka kwa gondola, jambo ambalo kwa waliochoka ni neema. Theluji ikipungua, barafu ya Hintertux iko mwisho wa bonde na watu huteleza huko mwaka mzima. Kutoka Munich unapanda treni hadi Jenbach, kisha reli ndogo ya bondeni.

Laax, Uswisi, ni Makka ya wenye ubao, nalisema hili kwa uzito wake. Mashindano ya Laax Open hufanyika huko, bustani zake ni miongoni mwa bora Ulaya, na kuna ukumbi wa ndani wenye trampolini wa kujifunzia miruko kabla ya kuijaribu kwenye theluji. Ukiwa na kundi ambalo kila mtu anaweza kugeuka, nenda Laax. Ukiwa na wanafunzi watatu wa siku ya kwanza, bei za Uswisi zitakuuma bure.

Livigno, Italia, iko mita 1,816, ni ndefu bondeni, na ndiyo iliyoandaa snobodi ya Olimpiki ya 2026. Ni eneo lisilotozwa kodi za kawaida, kwa hiyo bei zinapumua. Wanafunzi wanabaki chini pembeni mwa mji, wazoefu wanapanda Mottolino au Carosello 3000. Tatizo ni umbali: kutoka kiwanja chochote kikubwa cha ndege tenga zaidi ya saa tatu za barabara. Ukiwa na watoto au wazee, pima.

Watu huniuliza Bansko, Bulgaria, kwa sababu ya bei. Bei ni nzuri kweli. Lakini kutoka mjini gondola ni moja, foleni ya asubuhi ni ndefu, na njia ya kurudi mjini ni barabara ndefu ya theluji yenye sehemu za kujisukuma. Mkienda, amkeni mapema, na wanafunzi warudi kwa gondola.

Hati, bima na fedha

Wenye pasipoti za Afrika Mashariki wanaoishi Uingereza wanahitaji visa ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90. Wekeni miadi miezi mitatu kabla. Uswisi imo ndani ya Schengen ingawa haimo Umoja wa Ulaya, hivyo visa ni ileile. Bulgaria nayo imeingia kikamilifu tangu Januari 2025. Andorra, ambayo wengi huisifia kwa waalimu wake wanaozungumza Kiingereza, haimo. Ukiingia Andorra umetoka Schengen, na kurudi Barcelona au Toulouse kupanda ndege ni kuingia upya. Visa ya kuingia mara moja haikutoshi hapo. Omba ya kuingia mara nyingi.

Bima ya kawaida ya safari mara nyingi haihusishi michezo ya theluji. Tafuta maandishi yanayotaja snobodi, uokoaji mlimani na helikopta kwa jina. Italia, tangu 2022, bima ya kufidia utakayemgonga ni lazima kisheria, na helmeti sasa ni lazima kwa watu wa rika zote. Nje ya njia zilizowekwa alama, hakuna anayekwenda bila kifaa cha kutafutia waliofukiwa, koleo, kijiti cha kuchokolea theluji, na mtu anayejua kuvitumia. Mwanafunzi haendi kabisa.

Pasi ya siku sita katika vituo vikubwa vya Alps huvuka euro 300. Msinunue aina moja kwa watu wote kwa ajili ya urahisi. Vituo vingi vina pasi ndogo ya wanaoanza, na vingine lifti za kijijini ni bure. Kwa siku mbili za kwanza hiyo inatosha. Siku ya tatu mwalimu atawaambia kama mtu yuko tayari kwa pasi kubwa.

Agiza kwa mpangilio huu

Mwalimu kwanza, kabla ya nyumba. Vikundi vya kufundisha skii vimejaa kila mahali, lakini vya ubao kwa watu wazima ni vichache, na wiki za likizo hujaa mapema. Ukikosa nafasi, badilisha wiki au kituo wakati bado hujalipia kitu. Watu wanne mkichangia mwalimu binafsi wa asubuhi tatu, gharama inakaribia ile ya kundi, na mtajifunza haraka zaidi.

Nyumba ya pili. Iwe na jiko. Vyakula vya mlimani vina mambo yake: fondue, jibini ya kuyeyushwa, hupikwa kwa mvinyo mweupe, tartiflette, viazi na jibini, ina nyama ya nguruwe, na Kaiserschmarrn, chapati tamu iliyokatwakatwa, zabibu zake mara nyingi zimelowekwa kwenye ramu. Pilau na maharage ya nazi baada ya kutwa kwenye theluji ni dawa. Bebeni viungo na tui kutoka nyumbani, dukani kijijini hamtavipata. Pimeni kwenye ramani hatua kutoka mlangoni hadi lifti, kwa sababu viatu vya snobodi ni laini kuliko vya skii lakini bado ni vizito.

Usafiri wa tatu, vifaa mwisho. Wanaoanza wakodishe ubao na viatu kulekule, ili kiatu kikibana kibadilishwe jioni hiyohiyo. Kiatu ndicho cha kushughulikia: kisigino kisinyanyuke unapokunja goti. Wote wanaojifunza wavae vikinga viganja, kwa sababu anayeanguka kutoka kwenye ubao hutanguliza mikono, na kifundo cha mkono ndicho huvunjika. Dada zangu waliosuka, pimeni helmeti mkiwa na mtindo mtakaosafiri nao. Rasta nene juu ya utosi hazikai ndani, mistari ya kulala au kifundo cha chini kisogoni hukaa. Hijabu ya michezo, nyembamba, inaingia vizuri na inatia joto. Na mafuta ya jua ni ya kila mtu, weusi wetu hautuachi nje: theluji mpya hurudisha hadi asilimia 80 ya miale, inakupiga kutoka chini, kwenye kidevu na tundu za pua.

Usiku wa kabla ya siku ya kwanza, weka ramani ya karatasi mezani, mpe kila mwanafunzi kalamu, na mwambie achore mwenyewe njia yake kutoka mlangoni hadi kwa mwalimu na kurudi.